Miezi mitano tangu atolewe puru, kidonda cha msamba hakijafunga. Mionzi, mshono, au kuna kitu ndani?

#1 Kitindamimba
Wakuu, salamu. Mzee wangu ana miaka 64, alikutwa na saratani ya puru (mwisho wa utumbo mpana), chini kabisa, karibu na njia ya haja yenyewe. Akapigwa mionzi siku 28 pamoja na vidonge vya kemo, akapumzishwa wiki kumi, ndipo wakaondoa puru na njia ya haja yote. Sasa ana mfuko wa choo tumboni, wa kudumu. Mfuko hautusumbui. Kidonda cha tumbo nacho kilifunga, pini zikatolewa, kwisha.

Shida iko nyuma, msambani, pale njia ya haja ilipokuwa. Walimshona moja kwa moja, ngozi kwa ngozi. Siku ya 11 mshono ukaachia. Tangu hapo ni gozi asubuhi, gozi jioni, na mimi ndiye ninayepaki. Ukikiangalia kwa nje utasema kimepona: katundu tu, hata ncha ya kidole kidogo haipiti. Lakini kijiti cha pamba kinazama sentimita 7. Mwezi jana 7. Mwezi huu 7.

Mimi nasema walikosea kushona. Nimesoma kwamba sehemu iliyopigwa mionzi haishonwi hivi hivi, inaletewa nyama kutoka kwingine. Kwa nini hawakumletea? Waliopitia njooni.

#2 Fundi Bomba
Pole kwa mzee, na pole kwako mshika kijiti. Umefungua uzi kuhusu nyuzi zilizoachia, tuombe huu ushike. Naweka kambi, na mimi nina yangu ya kusimulia.

#3 Kobe Mwepesi
Mionzi. Sioni cha kujadili hapa. Inaua seli za saratani, lakini njiani inasinyaza na vile vimishipa vidogo vya damu, na zile seli zinazofuma nyama mpya zinabaki goigoi. Damu isipofika, nyama itoke wapi? Mimi nilipigwa mara 25, ngozi ya makalio ikakakamaa kama ya ngoma, kidonda kikachukua miezi minane. Usimlaumu mshonaji. Alikuwa anashona kitambaa kilichoungua.

#4 Mlinzi wa Zamani
Kobe, mimi nilipigwa 28 kama mzee, nikashonwa ngozi kwa ngozi kama mzee, na wiki ya sita nilikuwa naoga bila kukumbuka kama nina kidonda. Mionzi ile ile. Ulikuwa unavuta sigara?

#5 Kobe Mwepesi
Nilikuwa navuta. Nikaacha.

#6 Mlinzi wa Zamani
Uliacha lini?

#7 Kobe Mwepesi
Baada ya kidonda kuachia. Turudi kwenye mada.

#8 Zamu ya Usiku
Kitindamimba, mimi ni nesi, miaka mingi wodi ya upasuaji. Kabla ya kumtafuta aliyekosea, niambie unapaki vipi. Unaweka gozi moja ndefu au vipande? Unaishindilia?

Nauliza kwa sababu tundu dogo nje na shimo refu ndani maana yake mdomo unajifunga kabla ya tumbo la kidonda. Kidonda cha namna hii kinatakiwa kijae kuanzia chini kuja juu, mdomo ufunge mwisho. Ukishindilia gozi kama unajaza gunia, unabana zile nyama changa na kuzinyima damu. Ukiweka kidogo mno, mdomo unafunga na maji yanabaki ndani yakigeuka usaha. Gozi iingie kwa ulegevu, iguse ukuta wa kidonda, iwe MOJA, na mkia wake ubaki nje.

Hilo la moja nimeliandika kwa herufi kubwa kwa makusudi. Kuna mgonjwa alihudumiwa mahali fulani, kidonda miezi saba, antibayotiki za kila rangi. Nilipokimwagia maji ya chumvi kwa bomba la sindano kikatema kitu cha kijivu, laini kama karatasi iliyolowana. Kipande cha gozi. Hakuna aliyejua kiliingia lini. Wiki tano baadaye kilikuwa kimefunga.

#9 Kitindamimba
Sista, nimesoma hapo mwisho mara tatu. Hospitali walikuwa wanaweka vipande viwili vitatu. Mimi naweka moja. Lakini sikuwahi kuhesabu vilivyotoka siku ile nilipowapokea.

#10 Mlinzi wa Zamani
Basi uzi umefungwa, ni gozi.

#11 Ngazi Tatu
Haujafungwa, Mlinzi. Mnasahau umbo la mahali penyewe. Ukikatwa mkono au tumbo, kuta za kidonda zinalaliana. Kwenye nyonga puru likitoka linaacha pango, na pango lenyewe limezungukwa na mifupa. Mifupa hailegei ikakutana katikati. Damu na maji vinajikusanya mle, vinapata vijidudu, vinatafuta pa kutokea, na penye udhaifu ni ule mshono wa msamba. Kwa hiyo unaweza kushona ngozi kwa ustadi wote wa dunia ukawa umefunga mlango wa chumba chenye mafuriko.

Na si jambo jipya. Ernest Miles wa London alipoeleza upasuaji huu wa kuingilia tumboni na msambani mwaka 1908, shida yake haikuwa kidonda. Alikuwa amewafanyia wagonjwa 57 upasuaji wa kupitia chini peke yake, na 54 ugonjwa ukawarudia. Ndiyo maana akaamua kukata kwa upana. Saratani ikapungua kurudi, pango likazaliwa. Kwa miongo mingi baada yake madaktari wengi waliliacha wazi, wakalijaza gozi, likajifunga lenyewe kwa miezi. Kushona siku ile ile kulikuja kuzoeleka baadaye. Mzee wako miaka hiyo angeonekana mgonjwa wa kawaida tu.

#12 Kobe Mwepesi
Hapo unanisaidia mimi. Wakati wa Miles hakukuwa na mionzi ya siku 28.

#13 Ngazi Tatu
Na vidonda vilichukua miezi vilevile. Kwa hiyo sikusaidii.

#14 Mama Pacha
Mimi ndiye niliyeletewa hiyo nyama anayoitaka Kitindamimba, acha niseme ilivyo.

Uvimbe wangu ulikuwa umegusa ukuta wa nyuma wa uke, nao ukakatwa. Kwa hiyo palikuwa na ukuta wa kujengwa upya, si kuziba tu. Wakachukua msuli wa tumbo upande wa kulia, ule unaoshuka wima kutoka mbavuni, pamoja na ngozi na mafuta yake, wakauacha umening'inia kwenye mshipa wake wa damu unaotoka chini kwenye kinena, wakaupindua na kuuteremsha kupitia ndani ya nyonga mpaka msambani. Upande wa kushoto hawakugusa maana ndipo unapotokea mfuko. Faida yake ni kwamba hiyo nyama haikupigwa mionzi, inakuja na damu yake, na inajaza lile pango la Ngazi Tatu.

Sasa yale ambayo hukuyasoma. Saa za theta ziliongezeka. Tumbo langu upande wa kulia ni dhaifu mpaka leo, nikikohoa naliona linasukuma. Pembe moja ya hiyo nyama iliyohamishwa (wao huiita flapu) iliachia wiki ya tatu, nikapaki kama wewe. Ngozi ya pale haina hisia. Na kichekesho cha bure: yale ni mafuta ya tumbo, hayajui kwamba yamehama. Nikinenepa tumbo, na huko chini kunanenepa.

Kama ningekuwa mzee wako, bila ukuta wa kujenga, sijui kama ningekubali.

#15 Fundi Bomba
Mama Pacha umenichekesha nikiwa kwenye foleni, watu wananitazama.

#16 Kitindamimba
Asante Mama Pacha. Sikujua kama nayo inaachia. Mzee nimemsomea, kasema tumbo lake limetobolewa mara moja, inatosha.

#17 Mkalimani
Tumboni si mahali pekee. Kaka yangu walitumia msuli mwembamba wa paja la ndani. Mwingine tuliyelazwa naye wodi moja, walisogeza ngozi na mafuta ya kalio, wakakunja kipande kuingia ndani. Tumbo halikuguswa. Na kuna njia ya kushusha ule utando wa mafuta unaofunika matumbo, wanaulaza ndani ya nyonga ujaze nafasi. Kwa mzee inawezekana walifanya hilo, uliza.

#18 Ngazi Tatu
Huo utando ulipendwa sana, na kwa akili ya kawaida unaingia akilini. Ila tafiti zilizokuja kulinganisha hazikuona kidonda cha msamba kikipona vizuri zaidi kwa sababu yake.

#19 Mkalimani
Basi ile nyavu ya kibayolojia, inayotengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Nimesoma inafanya kidonda kifunge haraka, kuna utafiti wa Uholanzi.

#20 Ngazi Tatu
Utafiti upo, majibu umeyageuza. Ulitoka 2017, wagonjwa 104, wote walipigwa mionzi kwanza na wote walikatwa kwa upana. Nusu wakashonwa tu, nusu wakawekewa nyavu. Siku ya 30, vidonda vilivyopona bila tatizo vilikuwa asilimia 66 kwa walioshonwa tu na 63 kwa wenye nyavu. Yaani hakuna tofauti. Nyavu ilisaidia kwingine: baada ya mwaka, waliopata ngiri ya msamba (matumbo kushuka na kusukuma pale chini) walikuwa asilimia 13, wakati walioshonwa tu walikuwa 27.

Kitindamimba soma hiyo 66 tena. Wataalamu, ndani ya utafiti, wakijua wanahesabiwa, na bado mtu mmoja kati ya watatu hakuwa amepona vizuri mwezi wa kwanza. Kwa hiyo hilo dai lako la "walikosea kushona" mimi silioni.

#21 Kitindamimba
Mwezi wa kwanza nakubali. Sasa ni wa tano, mkuu.

#22 Kobe Mwepesi
Mnaona? Na wote 104 walipigwa mionzi. Angalieni hiyo theluthi.

#23 Mlinzi wa Zamani
Na theluthi mbili waliopona nao walipigwa, Kobe. Wewe ni mbishi kama kidonda chako.

#24 Daktari wa Zamani Kidogo
Napita tu. Sukari yake ikoje? Damu? Uzito ulipungua kiasi gani kabla ya upasuaji? Albumini, ile protini ya kwenye damu? Mtu anaweza kuonekana mnene akiwa hana protini ya kujengea hata ukucha. Kemo na mionzi vinaondoa hamu ya kula, halafu tunamkata, halafu tunashangaa. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe zinafanya kazi kwa uvivu. Haya ni ya kuchosha, hakuna anayeyafungulia uzi, lakini ndiyo ya kwanza kuuliza.

#25 Kitindamimba
Daktari, sukari hana. Damu (hemoglobini) ilikuwa 9.8, sasa 11. Alipungua kilo 12, amerudisha 3. Sigara hajawahi. Albumini sijui, nitauliza.

#26 Zamu ya Usiku
Kilo 12. Hapo nami nasimama na daktari.

#27 Fundi Bomba
Naomba dakika mbili za kutoka nje ya barabara. Mimi sikufungwa nyuma. Uvimbe ulikuwa juu kidogo, wakaunganisha utumbo na kipande kilichobaki chini, wakanitengenezea kifuko kwa kuukunja utumbo mfano wa herufi J ili kuwe na pa kuhifadhia. Mfuko wa muda tumboni, niliambiwa wiki kumi. Kiungio kikavuja kwa nyuma, usaha ukajikusanya mbele ya kifandugu (kile kimfupa cha mwisho wa uti wa mgongo), mfuko nikakaa nao miezi tisa. Sasa niko bila mfuko lakini choo kinanitawala: naweza kwenda mara sita kwa asubuhi moja, kisha siku nzima kimya. Hivi waliofungwa kabisa mnatuonea wivu au sisi tuwaonee?

#28 Mlinzi wa Zamani
Subiri. Fundi bomba, na bomba lako likavuja?

#29 Fundi Bomba
Nilijua. Nilijua tangu naandika.

#30 Mama Pacha
😂😂 Mimi sikuonei wivu, najua choo kilipo saa zote. Ila hapo pa usaha mbele ya kifandugu pana maana kwa mzee. Kitindamimba, kijiti kikiingia kinaelekea wapi? Juu au nyuma?

#31 Kitindamimba
Nyuma. Kinaingia kama sentimita tatu wima, halafu kinageuka kuelekea kifandugu. Nikilazimisha anashtuka.

#32 Zamu ya Usiku
Usilazimishe kamwe. Na kinachogeuka kina pango lake huko. Mzee anahitaji picha ya MRI ya nyonga, na walinganishe na ya kabla ya upasuaji, maana baada ya mionzi kovu na uvimbe vinafanana kwenye picha. Sisemi ugonjwa umerudi. Kidonda cha miezi mitano mahali hapa mara nyingi ni kidonda tu. Ila kama hakisogei, kinatoa damu bila kuguswa, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, wachukue na kinyama wakipime.

#33 Kitindamimba
Hili ndilo sikutaka kuandika pale juu.

#34 Mama Pacha
Tunajua.

#35 Mpita Njia 77
Kwani ilikuwa lazima akatwe? Brazil si wanapiga mionzi wanaacha?

#36 Ngazi Tatu
Angelita Habr-Gama, daktari wa upasuaji wa São Paulo, matokeo yake ya 2004 ndiyo yaliyowasha mjadala. Lakini ni kwa wale ambao uvimbe umetoweka kabisa baada ya mionzi na kemo, kisha wanachunguzwa mara kwa mara kwa miaka. Si kuacha na kwenda zako.

#37 Kitindamimba
Wa mzee ulisinyaa, haukutoweka.

#38 Asali Mbichi
Wekeni asali. Inaua vijidudu, inavuta maji.

#39 Zamu ya Usiku
Asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda ipo na hutumika, juu ya kidonda kinachoonekana. Ya kwenye chupa yako usiimimine kwenye shimo la sentimita 7 ambalo hujui linaishia wapi. Badala yake, Kitindamimba, uliza kuhusu mashine ya kunyonya: sponji inaingia, inafunikwa kwa plastiki, inavuta maji saa zote. Lakini picha kwanza, ili ijulikane kama hakuna utumbo ulioshuka karibu. Na nywele. Nyoa pembezoni, nywele zikiingia kwenye kidonda hakifungi.

#40 Mkalimani
Mzee anakaaje? Sisi tulimnunulia kaka boya la mpira, lile lenye tundu katikati.

#41 Mlinzi wa Zamani
Boya lilinisaidia sana.

#42 Zamu ya Usiku
Boya hapana. Linatenganisha makalio na kuvuta mshono pande mbili, na linazuia damu kuzunguka. Mto wa sponji ulio bapa, dakika chache chache, na muda mwingi alale ubavu.

#43 Mlinzi wa Zamani
Sista, nilikalia boya wiki sita nikapona.

#44 Kobe Mwepesi
Ulipona licha ya boya. Kama nilivyochelewa licha ya kutovuta.

#45 Mlinzi wa Zamani
Ulikuwa unavuta!!

#46 Kitindamimba
Mzee ana swali lake, ameniamuru niliandike kama alivyolisema: "Kama wameitoa yote, kwa nini nasikia haja?" Anasema jana usiku aliamka akaenda chooni akakaa, ndipo akakumbuka.

#47 Mama Pacha
Mwambie namsalimu. Mwaka wa nne huu, na mimi bado nasikia. Nyama imeondoka, mishipa ya fahamu iliyokuwa inaleta habari zake bado ipo. Mimi hukaa tu dakika mbili, inapita.

#48 Fundi Bomba
Shikamoo mzee.

#49 Mkalimani
Kikishafunga lakini atakuwa salama, kovu huwa gumu kuliko ngozi yenyewe.

#50 Zamu ya Usiku
Gumu kwa kushika, si kwa nguvu. Kovu hata likikomaa, na huchukua mwaka au zaidi, hufika kama asilimia 80 ya nguvu ya ngozi ya awali. Na kuna ile ngiri ya msamba aliyoitaja Ngazi Tatu. Asibebe mizigo.

#51 Kitindamimba
Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. MRI imefanyika. Kuna kifuko mbele ya kifandugu, kina njia moja kuja nje na nyingine fupi inayoishia pembeni. Uvimbe hawajauona, ila wameandika kwamba kuna unene wa kovu wanaotaka kuupima. Gozi haikuonekana, ingawa mtu wa radiolojia (wa picha) kaniambia iliyokaa muda mrefu inaweza kujificha. Albumini 29, iko chini.

Madaktari nao kama nyie. Mmoja anataka kupanua mdomo, kukwangua na kuchukua kinyama. Wa kurekebisha maumbile anasema wakishakwangua walete msuli wa kalio papo hapo. Wa tatu anasema mlisheni kwanza, mkwangueni baadaye.

#52 Kobe Mwepesi
Unene wa kovu = mionzi.

#53 Ngazi Tatu
Kifuko = pango.

#54 Daktari wa Zamani Kidogo
29.

#55 Kitindamimba
Na kijiti jana kimesoma 6.5!

#56 Zamu ya Usiku
Alipima nani?

#57 Kitindamimba
Dada. Nilikuwa nimesafiri.

#58 Zamu ya Usiku
Pima wewe, alale ubavu ule ule uliozoea, kijiti cha aina ile ile, halafu uje useme.

#59 Kitindamimba
Nimepima. Sita na nusu. Mzee anasema leo sikusukuma kama siku zote.